Mtoto akikataa mboga asilazimishwe

Mhariri,

Naandika kuhusu makala yenu juu ya watoto wadogo wanaokataa mboga na matunda. Ilieleza vyema faida za vyakula hivyo, lakini haikugusa kosa linalotokea mezani: mzazi hujaribu mara mbili tatu, mtoto anatema, basi chakula kile hakipikwi tena. Mtoto wa miaka 2 hivi huogopa ladha asiyoijua, na mara nyingi huhitaji kuonja chakula kipya mara 8 hadi 15 ndipo akizoee.

Kwa hiyo aanze na kidogo sana: kijiko kimoja cha chai cha mboga za majani, au kipande cha karoti iliyochemshwa hadi ikabonyea kwa vidole, kando ya chakula anachokipenda tayari. Akikishika, akakinusa na kukirudisha kwenye sahani, hiyo nayo ni hatua. Kumwahidi peremende akimaliza humfundisha kuwa mboga ni adhabu na peremende ndiyo tuzo. Tuangalie pia anachokunywa. Juisi au maziwa muda mfupi kabla ya mlo hujaza tumbo. Anafika mezani hana njaa, nasi tunamwita mkaidi bure.

Napendekeza wahudumu wa kliniki za watoto wawaeleze wazazi hesabu hii ya majaribio wakati wa kupima uzito, na walezi wawe wanakula pamoja na watoto chakula kilekile. Zabibu na nyanya ndogo zikatwe vipande vinne kwa urefu, kwani zikiwa nzima huweza kumpalia mtoto na kuziba koo.

Mshauri wa lishe ya watoto