Msimbo uandike tarehe, muhtasari aandike mhariri

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako nizungumzie jambo ambalo msomaji halioni kwenye ukurasa, ingawa mara nyingi ndilo linaloamua kama ataufikia ukurasa wenyewe. Kila habari inayopandishwa kwenye tovuti ya gazeti huambatana na metadata, yaani maelezo yanayoitambulisha kwa Google na kwa WhatsApp: kichwa, muhtasari, mwandishi, tarehe na lugha. Siku hizi maelezo hayo huzalishwa na msimbo, yaani maagizo ya programu ya kompyuta, na mimi ni miongoni mwa wanaouandika.

Siupingi msimbo. Tarehe ya kuchapishwa, jina la mwandishi na dawati lake tayari vimo kwenye hifadhidata, na msimbo huvichota na kuvipanga kwa utaratibu wa schema.org, msamiati wa pamoja wa kuzielezea kurasa za wavuti kwa mashine, ulioanzishwa mwaka 2011 na Google, Microsoft na Yahoo, bila kuchoka wala kukosea tahajia. Tatizo huanza pale unapotakiwa kufupisha.

Katika tovuti moja niliyoitwa kuikarabati, msimbo ulikuwa ukikata herufi 80 za mwanzo, nafasi zikiwemo, na kuzifanya muhtasari. Habari ya korosho ikawatokea wasomaji hivi: "Na Mwandishi Wetu, Mtwara WAKULIMA wa korosho mkoani hapa wamesema malipo yaliyo". Yaliyochelewa, yaliyoongezwa au yaliyokatwa? Kitenzi cha Kiswahili hubeba taarifa nzima tumboni mwake, kwa hiyo ukikikata katikati umeiondoa habari yenyewe. Nikauagiza msimbo uruke jina la mwandishi na mji. Muhtasari ukaanza na "WAKULIMA wa korosho mkoani hapa", na msomaji aliyeko Mwanza akabaki hajui "hapa" ni wapi.

Maneno muhimu nayo yalichaguliwa kwa kuhesabu yanayojirudia. Programu ilikuwa imefundishwa kuyaacha maneno madogo ya Kiingereza tu, basi orodha ikaongozwa na "kwa", "hiyo" na "alisema", huku "mkulima" na "wakulima" wakihesabiwa kana kwamba hawana undugu.

Linaloniuma zaidi ni lugha. Kiolezo cha tovuti hiyo kilitengenezwa kwa Kiingereza, na alama ya lugha ikaachwa "en" juu ya kila habari ya Kiswahili. Msomaji asiyeona, ambaye simu yake humsomea kwa sauti, anaweza kusomewa "wameng'oa" kwa matamshi ya Kiingereza asielewe chochote, wakati dawa yake ni herufi mbili tu, "sw", zinazobadilishwa mara moja kwenye kiolezo.

Ombi langu kwa vyumba vya habari, chako kikiwemo, ni kwamba mhariri anayeipitisha habari aandike sentensi moja kamili ya muhtasari, yenye nani, wapi na nini, na msimbo ukatae kuichapisha habari ambayo sehemu hiyo iko tupu. Nilipoweka sharti hilo katika tovuti niliyoitaja, wahariri walinung'unika wiki ya kwanza, kwa kuwa kazi yao ni nyingi na saa ya kufunga gazeti haimsubiri mtu. Habari ya korosho tuliirudia pamoja. Iliandikwa hivi: "Wakulima wa korosho Mtwara wadai malipo yao yamechelewa." Ilichukua chini ya dakika moja.

Msomaji wako,
Dar es Salaam