Foronya za kudarizi zishonwe zidumu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako ili nizungumze na wenzangu wanaoshona na kudarizi foronya majumbani, pamoja na wale wanaowafundisha vijana kazi hiyo. Nafurahi kuona foronya zenye maua ya uzi, ndege na maneno kama "Lala Salama" na "Usiku Mwema" zikiuzwa tena, kwa kuwa zamani hazikukosekana kwenye kitanda cha mgeni wala katika vyombo vya bibi harusi. Kinachonisikitisha ni kwamba nyingi hupambwa vizuri kwa nje, lakini ukizigeuza unakuta kingo hazikupigwa ovaloki, yaani mshono wa kuzuia nyuzi za ukingoni zisichomoke, nyuzi zinachomoka na mshono umepita ukingoni mno. Foronya ya namna hiyo ikifuliwa mara chache huachia ubavuni ilhali ua lake bado ni zima, na jasho lote la mdarizi linapotea.

Kazi ianze kwenye beseni kabla ya mkasi. Kitambaa cha pamba hurudi kinapofuliwa, kwa hiyo anayekikata kikiwa kipya atashona foronya itakayoubana mto baada ya muda mfupi. Akifue, akianike na kukipiga pasi kwanza. Kanga mpya nayo ifuliwe peke yake mpaka maji yatoke meupe, kwa sababu rangi inayochuja itaharibu mashuka ya mtu. Nyuzi za kudarizia, hasa nyekundu na za rangi nzito, zijaribiwe kwa kulowesha kipande kidogo na kukikandamiza juu ya kitambaa cheupe. Zikiacha alama, zisitumike. Najua tetroni, yaani kitambaa cha polista, ni rahisi na haihitaji pasi nyingi, lakini hainywi jasho, na sisi tunaoishi huku pwani tunafahamu adha ya kulalia kitambaa cha aina hiyo wakati wa kaskazi.

Kuhusu vipimo, wengi hukata kitambaa kwa ukubwa ule ule wa mto, wakasahau mshono na mfuniko wa ndani unaouzuia mto usichomoze. Kwa mto wa sentimita 50 kwa 75, kipande kimoja chenye upana wa sentimita 54 na urefu wa sentimita 178 kinatosha: urefu wa mto mara mbili, sentimita 20 za mfuniko, 6 za upindo wa mdomoni na 2 za upindo wa mwisho wa mfuniko. Sentimita 4 zilizozidi katika upana ni za mishono ya ubavuni. Asiye na mashine ya ovaloki asikate tamaa, kwani mshono unaopigwa mara mbili, kwanza kwa nje na kisha kwa ndani, huzifunika kingo zote, nao hushonwa kwa cherehani ya kawaida. Mito ya kochi ina kanuni tofauti kidogo: foronya yake ipungue sentimita 2 au 3 kuliko mto wenyewe ili sufi au sponji ijae hadi kwenye pembe.

Urembo wenyewe udariziwe kitambaa kikiwa bado bapa, kabla ya kuungwa. Kwa foronya ya kulalia, mahali pake ni kwenye upindo wa mdomoni au pembeni, kwa maana ua kubwa lililojaa uzi katikati humkwaruza shavu anayelala. Kwa sababu hiyo hiyo, ncha za uzi zipitishwe chini ya mishono ya nyuma badala ya kufungwa mafundo. Anayetumia kanga achukue mji, yaani sehemu yake ya katikati, kwa upande wa mbele, aweke pamba nyeupe laini nyuma, na asiyakate katikati maneno yaliyoandikwa, yanayoitwa jina la kanga. Nimeona foronya nyingi zilizobakiza nusu ya maneno, jambo linalowafedhehesha mtunzi na mshonaji pia.

Kwa wanunuzi, nawaomba waigeuze foronya na kuitazama ndani kabla hawajaanza kupunguza bei, na wakiona kazi ni safi, walipe. Kudarizi jozi moja kwa mkono huchukua jioni nyingi, na bei inayohesabu kitambaa na uzi peke yake inamnyima mdarizi ujira wake. Nanyi walimu wa ushonaji, mnapotoa alama, anzeni kusahihisha upande wa ndani.

Mwisho, Ndugu Mhariri, ningeshukuru kama gazeti lako lingechapisha mara kwa mara, katika kurasa za familia, vipimo na michoro ya kushonea foronya za mito ya kawaida, ili hata aliye mbali na darasa la ushonaji aweze kukata kitambaa chake bila kukipoteza.

Wako,
Mwalimu mstaafu wa Sayansi Kimu,
Tanga