Harald, kiti chake na birika langu

Ndugu Mhariri,

Miaka kumi na tisa nimelinunua gazeti lako kila Jumapili na sijakuandikia hata mstari mmoja. Nimevumilia mengi. Lakini ile makala ya wafalme wa kale wa Norwei, iliyodai kwamba tangu enzi za Harald Nywele Nzuri kiti kilikwenda kwa mtoto wa kwanza wa kiume "bila ubishi", imenishinda.

Bila ubishi? Snorri Sturluson, aliyeandika kule Aislandi karne tatu baadaye, anasimulia kuwa Harald alizaa na wanawake wengi, akampendelea Eirik, na Eirik akawaua ndugu zake. Watu wakamwita Shoka la Damu. Kisha mdogo wake Håkon, aliyelelewa Uingereza kwa Mfalme Athelstan, akarudi na kumng'oa. Desturi ilikuwa kila mtoto wa kiume wa mfalme, awe wa ndoa au wa kijakazi, ana haki ya kudai. Wakiwa wawili wanatawala pamoja mpaka wachokane. Ndiyo maana Harald Gille aliweza kuibuka kutoka Ayalandi akidai ni mwana wa Magnus Miguu Mitupu. Ili kuthibitisha dai lake akatembezwa peku juu ya vyuma tisa vya plau vilivyookwa vikawa vyekundu, maaskofu wawili ubavuni. Siku ya tatu wakafungua nyayo: hakuna hata lengelenge. Na kabla ya kupimwa alikuwa ameapa hatadai kiti maadamu Mfalme Sigurd na mwanawe Magnus wako hai! Sigurd akafa 1130, kiapo kikazikwa naye, na mwaka 1135 Harald akamtoboa macho Magnus huyo mwana wa Sigurd. Watu wakauana, wakipumzika na kurudia, hadi 1240. Sheria ya 1163 ilijaribu kumtanguliza mtoto mkubwa wa ndoa, haikufua dafu. Iliyoshika ni ya 1260. Mwandishi wako ameyaruka yote haya kama mtu anayeruka mtaro.

Sasa sikiliza. Ijumaa iliyopita, kwenye chemsha bongo ya wastaafu, niliulizwa swali hilohilo: kiti cha wafalme wale kilirithiwa na nani? Nikajibu: watoto wote wa kiume. Msimamizi akachomoa mfukoni gazeti lako, limekunjwa mara nne, lina doa la mafuta ya maandazi, akasoma kwa sauti. Ukumbi mzima ukacheka. Birika la umeme likaenda kwa jamaa ambaye swali moja kabla ya hapo alidhani Oslo ni aina ya samaki. Mke wangu bado anachemsha maji kwa sufuria, na kila akiinua mfuniko ananitazama.

Halafu ile picha! Kofia zenye pembe ni mavazi ya opera ya Kijerumani ya 1876, si ya mashujaa wale. Na chini yake mmeandika Harald Jino la Buluu, ambaye ni wa Denmaki. Masahihisho yenu nayo siku hizi mnayaficha chini ya tanzia, herufi kama sisimizi.

Nataka sahihisho Jumapili ijayo, ukurasa uleule, herufi zilezile. Mwandishi akishikilia msimamo wake, gereji ya jirani yangu haikosi vyuma tisa. Maaskofu mtafute wenyewe. Birika lilikuwa la lita moja na nusu, la rangi ya fedha.

Mstaafu, msomaji wako mpaka sasa