Mwanangu, Dai Jina Lako

Mwanangu mpendwa,

Salamu kutoka Nakuru. Sisi tu wazima, na shangazi yako ameshapanda mahindi kule Bahati. Ujumbe wako kwamba watu wa utalii wametumia picha zako za njia ya milima ya Cherangani bila kukutaja umeniuma sana. Wanaokuambia ushukuru kwa kuwa zimeonekana, usiwasikilize.

Nimekuwa nikisoma habari za George Masa. Alikuwa Mjapani aliyefika Asheville, North Carolina, Marekani, mwaka 1915, akafanya kazi hotelini, kisha akawa mpiga picha. Alikwea milima ya Great Smoky na kamera zake nzito, tena akisukuma gurudumu la baiskeli lenye kipimo cha umbali, ili kila njia ijulikane urefu wake. Kazi hiyo ilisaidia kuamua mahali Appalachian Trail, njia ndefu ya watembea kwa miguu, itakapopita kwenye milima hiyo. Njia yenyewe ni ya karibu kilomita 3,500, kutoka Georgia hadi Maine, nayo ilikamilika mwaka 1937. Picha zake zilitumika pia kuwashawishi watu waunge mkono mbuga ya taifa iliyoanzishwa mwaka 1934.

Masa hakuiona. Alifariki mwaka 1933, hana kitu, na hata kaburi alilolitaka kando ya rafiki yake Horace Kephart hakulipata. Kilele kimoja kilipewa jina lake mwaka 1961, miaka 28 baadaye. Ni heshima kubwa, sikatai, ila mwanangu, mtu hula akiwa hai.

Kwa hiyo waandikie. Sheria yetu ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inakupa haki ya kutajwa kuwa mwenye kazi, na hilo si la kuombea msamaha. Ambatisha faili za asili kutoka kwenye kamera, zenye tarehe. Waambie waweke jina lako na walipe. Lugha iwe ya heshima, lakini usizunguke.

Na wewe nawe usiwafanyie wengine hivyo. Yule mzee aliyekuonyesha pa kuvukia mto, akikubali, mwandike chini ya picha. Andika na jina la mahali kama wenyeji wanavyolitamka, mwezi, na upande uliokuwa umeelekea. Picha nzuri isiyo na maelezo inapendeza tu. Yenye maelezo ni ushahidi. Ziwa letu la Nakuru lilipopanda, lango kuu la zamani la mbuga lilizama. Leo mwenye picha ya pale yenye tarehe ndiye awezaye kuonyesha maji yalikoanzia. Njia za Cherangani nazo hubadilika, mvua ikiporomosha udongo, au mtu akizungushia shamba lake ua.

Nakala za picha zote nitumie kwenye diski, nitazihifadhi hapa nyumbani. Na kabla ya kuwapelekea barua hiyo, nisomee kwa simu Jumapili jioni.

Mama yako