Lualaba: Kindu hadi Kisangani

Habari za jioni wanaramani wa OpenStreetMap, ramani huria ya mtandaoni. Mto uchorwe kufuata maji: Lualaba, huko Kongo (DRC), unaelekea kaskazini, kwa hiyo anzeni Kindu. Mishale ya mstari mliouchora ikielekea kusini, ugeuzeni. Kijito kishikane na mto kwa nodi moja, yaani nukta moja iliyo kwenye mistari yote miwili. Kugusana kwa macho tu hakutoshi, kwa programu, hiyo ni mito miwili isiyokutana. Hilo ndilo kosa linalotusumbua zaidi.

Reli ya Ubundu–Kisangani, takriban km 125, inakwepa maporomoko ya Boyoma. Msitu ukiificha kwenye picha za satelaiti, tazameni mikunjo: njia ya miguu hukata kona kali, reli haiwezi. Ubundu hadi Kindu ni safari ya majini, msiunganishe reli hapo!

Ponthierville ya ramani za kikoloni ndiyo Ubundu. Iandikeni kwenye old_name, sehemu ya jina la zamani.