Barua kwa Suleiman: ukurasa wa kwanza uko wapi?

Mji Mkongwe, Unguja

Swahibu yangu Suleiman,

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Natumai wewe, shemeji na watoto hamjambo, na kwamba baridi ya London haijakushika magoti. Sisi huku hatujambo; Shangazi anakusalimu na anakukumbusha ahadi yako. Najua nimekuwa kimya tangu Mfungo Sita, lakini picha ulizonitumia zimeniondolea usingizi, na jambo hili sitaki lipite kwa maneno mafupi ya simu.

Umeniuliza kama kitabu hicho cha tiba kilichoandikwa kwa mkono kinastahili hizo pauni 1,800 anazozitaka muuzaji kutoka kwa wakusanyaji. Nakuomba usitoe hata senti mpaka akuonyeshe ukurasa wa kwanza. Picha zake ni kumi na moja, nimezihesabu mara mbili: jalada la mbele, kurasa za ndani kuanzia wa pili, ukurasa wa mwisho, hata mgongo wa kitabu, ukurasa wa kwanza haumo. Muuza kitabu huanza na huo, na anayeuruka ana sababu yake.

Nianze na yaliyo mepesi. Kitabu chenyewe ni al-Rahma fi al-tibb wa al-hikma. Nimekitambua kwa milango yake mitano, kuanzia elimu ya maumbile na tabia za vyakula na dawa, mpaka maradhi ya kiungo kimoja kimoja na yale ya mwili mzima. Muuzaji anadai mtunzi ni al-Suyuti, na hilo namsamehe, maana hata wapiga chapa wamelikosea. Mtunzi ni al-Sanawbari wa Yemen, aliyefariki mwaka 1412. Lisilosameheka ni tarehe. Mnakili amefunga kitabu kwa kutaja mwaka 1271, na muuzaji, bila kujiuliza, ameutangaza kuwa ni 1271 wa Miladia, ili kitabu kiwe cha karne ya 13. Maana yake mnakili alikinakili kabla mtunzi hajazaliwa! Maalim Haji alipolisikia hilo alicheka mpaka kofia ikamdondoka. Mwaka 1271 wa Hijria unaangukia 1854 na 1855, siku za mwisho mwisho za Sayyid Said. Si kitabu cha jana, lakini umri unaolipishwa sio wake.

Na ile picha ya tabibu anayeng'oa jino, uliyoniandikia kuwa ndiyo iliyokuteka moyo, uniwie radhi ndugu yangu. Kitabu hiki hakina picha. Ikuze, kisha utazame pindo la kanzu ya tabibu: chini ya rangi ya buluu mistari ya maandishi inaendelea na safari yake kama kawaida. Kuna mtu wa leo aliyepaka rangi juu ya maneno ya zamani, kama wafanyavyo baadhi ya wachuuzi wa Istanbul, ambao huchana kurasa za vitabu vikuukuu na kuzichora matabibu na wanajimu ili watalii wanunue. Kwa ninavyosoma mistari iliyosalia, kilichofunikwa ni dawa ya tumbo. Tumepoteza dawa, tumepata jino.

Lakini si jino lililoninyima usingizi. Katika picha ya saba, pambizoni, kuna mkono mwingine, wenye wino uliofifia ukawa rangi ya kahawia. Kando ya neno hiltit mtu huyo ameandika, kwa herufi za Kiarabu, "mvuje". Chini yake: "mujarrab", yaani imejaribiwa. Isome tena, Suleiman: mvuje. Huyo ni mtu wa pwani yetu, aliyekifungua kitabu hiki pengine huku mgonjwa amekaa mbele yake. Ukurasa unaofuata, panapozungumzwa sauda, yaani nyongo nyeusi ya tiba ya kale, amepiga mstari chini ya maneno "barid yabis", ambayo sisi huyataja kila magoti yakiuma tukidhani baridi yabisi ni Kiswahili kitupu.

Ndiyo maana narudi kwenye ukurasa wa kwanza. Katika vitabu vya namna hii hapo ndipo mwenyewe huandika jina lake, hapo ndipo huandikwa Ya Kabikaj ili wadudu wasiile karatasi (kwa matundu ninayoyaona, wadudu wa kitabu hiki hawakujua kusoma), na hapo ndipo huandikwa wakfu: hakiuzwi, hakitolewi zawadi, hakirithiwi. Nyuma ya karatasi hiyo, yaani katika ukurasa wa pili, naona kivuli cha mistari mitatu iliyopenyeza kutoka upande wa kwanza, na pale penye mstari wa kati karatasi imekwanguliwa ikawa nyembamba kama ganda la kitunguu. Niliigeuza picha kama inavyoonekana kwenye kioo. Katika mstari wa juu nimepata waw, nimepata qaf, herufi mbili za mwanzo za neno wakfu. Herufi ya tatu imeliwa.

Unalikumbuka kapu la Babu, lile la ukindu juu ya kabati? Yule kijana mwenye kamera shingoni alisema anavichukua vitabu kwa wiki mbili tu, kuvipiga picha. Shangazi alimkabidhi, na halua akampa juu yake. Sisemi kuwa hiki ni cha Babu, maana mwandiko wa pambizoni si wake, ila nikiutazama ule mkwanguo...

Utaniambia, kama asemavyo Idi, kwamba kitabu kiko salama zaidi katika kabati la mkusanyaji kuliko kapuni. Kiko salama, lakini nani atakisoma? Mwaka 1924 daktari wa Kimisri, Muhyi al-Din al-Tatawi, alipokuwa akisoma Ujerumani, alikuta katika maktaba ya Berlin mswada wa Ibn al-Nafis, aliyefariki 1288, unaoeleza jinsi damu inavyopita mapafuni ikitoka upande wa kulia wa moyo kwenda wa kushoto, kinyume cha alivyofundisha Jalinus, yule tabibu wa kale wa Kiyunani. Mswada huo ungefungiwa sebuleni kwa tajiri, asingeufikia. Na kama hoja ni usalama, vitabu vya Msikiti wa Riyadha wa Lamu vilipigwa picha kwa mradi wa British Library. Picha zikasafiri, vitabu vikabaki kwao.

Basi nifanyie hisani moja. Mwombe muuzaji, kwa upole wa mnunuzi, picha ya ukurasa wa kwanza, na nyingine karatasi ikiwa imemulikwa taa kwa nyuma. Mimi nitakwenda Kilimani, kwenye Nyaraka, nikaulize kama kuna wakfu unaofanana na huu.

Je, amekueleza alikipata kwa nani, na ana karatasi yoyote ya kuthibitisha? Unaweza kwenda mwenyewe ukakishika? Kuna wanunuzi wengine? Likithibitika neno wakfu, utakuwa tayari kumwambia usoni? Shangazi nimwambie sasa, au ninyamaze kwanza? Na jalada la nyuma, ambalo hakulipiga picha, lina doa la mafuta la duara, kiasi cha kisahani? Kitabu kilichokuwa juu kabisa kapuni ndicho Babu alichokuwa akiwekea kibakuli cha mafuta ya habasoda.

Wako,
Abdalla