Matairi ya gari la zamani: agiza matano, si manne

Wenye magari ya miaka ya 1960 hutufikia na karatasi iliyoandikwa 5.60-15 au 165R15, na wengi wao wameshaambiwa kwingine kwamba saizi hiyo haipo tena: chukua 195/65R15, kwani ringi si ni inchi 15? Inchi 15 ni kweli. Yaliyobaki ni tofauti, na hapo ndipo gari lililokuwa likienda vizuri linapoanza kuwa zito usukani na kukwaruza madigadi kila likikata kona.

Tairi la leo hutaja mambo matatu: upana kwa milimita, kimo cha ukuta wake kama asilimia ya upana huo, na kipenyo cha ringi. La zamani lilitaja mawili tu: upana (kwa inchi katika 5.60-15, kwa milimita katika 165R15) na ringi. 165R15 haisemi lolote kuhusu ukuta, kwa sababu radiali za wakati huo (ndiyo ile R; matairi ambayo nyuzi zake za ndani hukatiza moja kwa moja kutoka ukingo hadi ukingo, si kimshazari) karibu zote zilikuwa na ukuta wa asilimia 80 hadi 82. Kwa hiyo unaweza kupiga hesabu mwenyewe: zidisha upana kwa asilimia ya ukuta, zidisha tena kwa mbili, kisha ongeza ringi, ambayo kwa inchi 15 ni milimita 381. 165R15 ya asili hufika kipenyo cha kama milimita 650. 165/80R15 hufika 645. 195/65R15 hufika 634, na 185/65R15, ambayo huwavutia wengi kwa kuwa inapatikana kila mahali, huishia 621. Ukilivalisha gari tairi hilo la mwisho, likienda kilomita 100 kwa saa spidomita itasoma 105 hivi, injini itazunguka zaidi kwa mwendo uleule, na uvungu utashuka kama sentimita moja na nusu.

Upana ni tatizo kubwa kuliko kimo. Ringi nyingi za chuma za magari madogo ya enzi hizo zina upana wa inchi 4 au 4.5, wakati 195/65R15 inataka ringi isiyopungua inchi 5.5. Ukiilazimisha kwenye ringi nyembamba, kuta zinavimba pembeni, sehemu inayokanyaga barabara inapinda katikati, na gari linayumba kwenye kona hata kama tairi ni jipya kabisa. Na kumbuka usukani wa gari hilo hausaidiwi na pampu yoyote. Kila milimita unayoongeza utailipa kwa mabega siku ya kuegesha. Sisi huuza tairi pana pale tu ringi inaporuhusu, na mara nyingi hairuhusu.

Kuhusu aina ya tairi hatuna kigugumizi: kama gari linaendeshwa, weka radiali. Michelin walisajili hataza yake mwaka 1946 na kuanza kuiuza 1949, ingawa Marekani magari mengi yaliendelea kutoka kiwandani na matairi ya nyuzi za mshazari hadi miaka ya 1970. Radiali hushika barabara vizuri zaidi na haifuati kila ufa wa lami. Matairi ya mshazari bado yanatengenezwa, na kwa gari la maonyesho yanapendeza. Usichanganye aina hizo mbili kwenye ekseli moja. Na usiweke radiali mbele na mshazari nyuma: mbele itang'ang'ania barabara, nyuma itaachia, na gari litageuka usivyotaka. Ukihama kwenda radiali, mwambie fundi wa alaimenti, kwa sababu vipimo vya kitabu cha zamani viliandikwa kwa ajili ya tairi jingine.

Upepo pia. Kitabu cha Volkswagen Beetle ya zamani kinataja psi 16 tu kwa matairi ya mbele. Usikinakili hivyo hivyo kwa radiali, na wala usijaze 32 kote kwa kuwa gari lako jingine hujazwa hivyo. Beetle ina injini nyuma. Tofauti ya upepo kati ya mbele na nyuma ndiyo inayolifanya litulie, na lazima ibaki.

Angalia kama ringi yako ina kile kituta kidogo kinachozuia ukingo wa tairi usiteleze ndani. Ringi nyingi za zamani hazina, na hizo zinahitaji tyubu, tena tyubu inayofaa kwa radiali. Ringi za spoku zinataka tyubu na utepe wa kufunika vichwa vya spoku. Tyubu kuukuu haiingii kwenye tairi jipya, labda kwa mwenye duka lingine.

Sasa spea, ambayo husahaulika. Gari la zamani hutembea kidogo, kwa hiyo matairi huzeeka kabla ya kuisha kashata, na spea huzeeka kuliko yote. Tafuta herufi DOT ubavuni: tarakimu nne za mwisho ni wiki na mwaka wa kutengenezwa, hivyo 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Zikiwa tatu, tairi hilo ni la kabla ya 2000, na hakuna haja ya kulijadili. Watengenezaji kadhaa hushauri kulikagua tairi kila mwaka likifika miaka 5 na kulitoa kabisa likifika 10, hata kama halijawahi kugusa barabara. Ndiyo maana tunasema matano. Kubakiza lililo bora kati ya yale makuukuu liwe spea ni kuahirisha pancha ya pili.

Spea lazima pia iingie mahali pake. Shimo la buti lilipimwa kwa tairi jembamba. Spea nyembamba ya muda, ile ya kilomita 80 kwa saa, hutoshea kila mahali, lakini jiulize tairi lenye pancha utaliweka wapi. Kama uliweka breki za diski, ijaribishe spea mbele na nyuma, maana ringi ya zamani huenda ikagonga kalipa, kile kibanio cha breki kinachoshika diski. Kama una ringi za aloi na spea ya chuma, nati zake huenda zisiwe aina moja. Weka seti ya pili kwenye mfuko wa jeki. Mwenye Citroën DS ahakikishe boliti ya madigadi ya nyuma inafunguka, kwa kuwa bila kuyatoa madigadi hayo gurudumu la nyuma halitoki. Na mwenye Beetle ambayo maji ya kioo husukumwa na upepo wa spea aipime mara kwa mara: kadiri anavyoosha kioo, ndivyo spea inavyopungua.

Ukitaka tukuagizie, tutumie picha ya ubavu wa tairi la sasa, namba iliyogongwa kwenye ringi (kwa mfano 4J x 15, yaani upana wa inchi 4 na kipenyo cha 15), DOT ya spea, na kipimo cha upana na kina cha mahali inapolala.